Mkuu wa idara hunitumia methali usiku

Somo yangu,

Shikamoo. Natumai hujambo wewe na walio karibu nawe. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni kazini, maana hapa ndipo penye mlango ninaoweza kuufunga kwa ndani.

Nina miaka 34, mzaliwa wa Kibokoni, sasa nakaa Kisauni na mwanangu wa miaka 5. Niliachika miaka mitatu iliyopita. Nafundisha hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, lakini sijaajiriwa kwa kudumu. Mimi ni wa muda, wale wa kupewa uniti mbili tatu kila muhula na kulipwa siku Mungu akipenda. Malipo ya mihula miwili bado hayajaingia. Hapohapo nasomea uzamifu, na msimamizi wangu wa tasnifu ndiye mkuu wa idara, ambaye pia ndiye mgawa uniti. Riziki yangu na shahada yangu vyote vimo katika mkono mmoja.

Mwaka wa kwanza alikuwa mtu wa heshima, akiniita "mwalimu". Alipojua nimeachika (sijui nani alimwambia), "mwalimu" ikawa "mrembo", kisha ikawa "mjane wangu". Mjane! Na aliyeniacha yu hai, anauza vipuri vya magari Mwembe Tayari.

Nikimpelekea sura ya tasnifu ofisini, husimama nyuma ya kiti changu ati anionyeshe makosa kwenye skrini. Mkono huanza begani, ukateremka mpaka kiunoni. Nikisogea husema, "Mbona unaruka kama samaki ndani ya dau?"

Miezi miwili iliyopita ikatangazwa nafasi moja ya kudumu idarani. Usiku uleule, saa nne na dakika arubaini, nikapokea ujumbe wa WhatsApp: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Chini yake kikaragosi kinachokonyeza. Sikujibu. Usiku wa pili akaleta mwingine: "Mvumilivu hula mbivu, lakini mbivu ikingojwa sana huoza." Asubuhi nilipomkuta koridoni nikajikaza, nikamwambia sizipendi jumbe zile. Akacheka mbele ya watu. "Wewe si Mswahili? Mtu akikutumia methali unataka afungwe?" Wote wakacheka. Na mimi, Somo, nikacheka. Hapo pa kucheka ndipo panaponiuma zaidi.

Wiki mbili baadaye ratiba ya muhula ikatoka. Kutoka uniti tatu nimebaki na moja, ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, na anajua nina mtoto mdogo. Sura yangu ya tatu ina wiki tisa mezani kwake.

Kuna mengine madogo, sijui hata kama yafaa kutajwa. Idarani tuko wanawake wawili kati ya watu kumi na mmoja, na kwenye mikutano chupa ya chai husukumwa upande wetu. Wiki jana kwenye mahojiano ya ile nafasi niliulizwa, nikiolewa tena na kuzaa, itakuwaje? Mwenzangu wa kiume aliyeingia baada yangu ana watoto wanne. Nilimuuliza, akasema hakuulizwa lolote la watoto. Majibu ya mahojiano bado.

Mamangu nimemwambia nusu. Kasema, "Mwanangu, jisitiri. Mwanamke aliyeachwa akisema kashikwa, watu huuliza alikuwa wapi." Kaka yangu anataka kwenda kuzungumza naye kiume, naogopa atakayefungwa ni yeye. Shoga yangu ananiambia nivumilie miaka miwili, nimalize uzamifu, kisha nihame. Na mzee mwenyewe ni mtu wa watu, yumo kwenye kamati ya msikiti mtaani kwao. Nikisema, nitaitwa mfitini.

Nifanyeje? Au ni kweli ni methali tu?

Mwalimu wa muda, Kisauni

*

Mwanangu Mwalimu, marahaba.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Methali huwezi kuijua maana yake mpaka ujue nani kamwambia nani, na saa ngapi. Bibi yangu akitwambia "mtaka cha mvunguni sharti ainame" tulipokuwa wavivu wa kufagia chini ya kitanda, na maana yake ilikuwa ufagio. Ikitumwa na mwanamume anayegawa kazi, saa nne na dakika arubaini usiku, siku nafasi ya kazi ilipotangazwa, na kikaragosi kinakonyeza chini yake, mvungu huo ni wa kitanda kipi kila aliyezaliwa pwani hii anaujua. Yeye pia anaujua. Ingekuwa hekima ya wahenga, angeituma kwenye kundi la idara wote wafaidike.

Sasa hilo la kucheka. Zamani za taipureta nilikuwa karani wa chapa katika ofisi moja mjini hapa, na mkubwa wetu alikuwa na mchezo wa kuhesabu vifungo vya blauzi zetu kwa sauti, mmoja mmoja, kila tulipompelekea barua za kutia sahihi. Tulikuwa wasichana watano. Sote tulicheka. Mimi nilicheka miaka minne, mpaka nikaanza kuvaa dera juu ya blauzi katika joto lile la Machi. Cheko lile ni upo wa kufulia maji chomboni: unacheka ili usizame. Hakuna hakimu mwenye akili atakayeliita ridhaa, na wewe usiliite hivyo.

Umeyagawa mambo yako mafungu mawili, makubwa na "madogo". Mimi nayaona yametoka kapu moja. Chupa ya chai, swali la kuzaa, mkono kiunoni na uniti zilizokatwa, vyote vinasema wewe pale ni mgeni wa kupokewa au kufukuzwa kwa hisani ya mtu. Wala si jambo la juzi. Wangari Maathai alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 na barua ya kazi mkononi, msaidizi wa utafiti wa zuolojia katika chuo cha Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi kapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na uanamke wake. Akatafuta mlango mwingine palepale, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata uzamifu. Baadaye, akiwa mhadhiri, ikabidi yeye na mwenzake wapiganie marupurupu sawa na ya wanaume waliofanya kazi ileile. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba swali uliloulizwa wiki jana ni kuukuu kuliko wewe.

Tuje kwenye sheria. Nyingi zimelala kwenye karatasi, nakubali, lakini hizi zina meno kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inasema mfanyakazi amenyanyaswa kingono ikiwa mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzake atamtaka ngono kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio, iwe kwa maneno ya wazi au ya kuzunguka. Hilo la kuzunguka ndilo lako. Inataja pia lugha ya kingono, ya mdomo au ya maandishi, na vitendo vya mwili visivyotakiwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hili, ikieleza malalamiko yapelekwe wapi, na kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ila inapobidi kwa uchunguzi au kwa hatua za nidhamu. Chuo chenu kina watu zaidi ya 20, hata tukihesabu wapishi peke yao.

Tatizo lako ni hilo neno "wa muda". Chuo kinaweza kugeuka kikasema wewe hukuajiriwa, umepewa kibarua cha muhula tu. Hoja hiyo wakili ataijibu, tena jinsi mkataba wako ulivyoandikwa utampa kazi, kwa hivyo mikataba yako yote ya nyuma itafute. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haiulizi una mkataba gani. Kifungu chake cha 23 kinamshika mtu yeyote mwenye mamlaka au wadhifa wa umma anayerudiarudia kumtaka mtu kimapenzi, akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba hatakiwi. Adhabu haipungui miaka mitatu jela, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mwendesha mashtaka atatakiwa pia aonyeshe kwamba kukubali au kukataa kwako kulikuwa na uzito katika kazi yako, na hapo ndipo ratiba yenye uniti moja itakaposema. Na ule mkono ukiteremka zaidi ya kiuno, ukagusa matako au kifua, hilo ni kosa jingine peke yake, kitendo cha aibu kwa mtu mzima, jela hadi miaka mitano au faini hadi 50,000, au vyote.

Swali la kuzaa nalo lina pa kwenda. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi na inataja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa kwa majina. Sheria ya Ajira inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyekwisha kuipata tu, na panapodaiwa ubaguzi mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo umetwikwa mwajiri. Wewe kazi yako ni kueleza vizuri nini kiliulizwa, nani aliuliza, na nani hakuulizwa. Kwa hivyo leo hii, kabla hujasahau, liandike swali lile neno kwa neno, pamoja na majina ya waliokuwa mezani.

Angalia maneno mawili ya kifungu kile cha 23: kurudiarudia, na kujua kwamba hatakiwi. Ulimwambia koridoni, vyema, lakini koridoni paliishia kicheko, na waliocheka ndio watakaoulizwa. Sasa mwandikie. Mstari mmoja, bila matusi, bila samahani, bila "nakuheshimu kama baba". Mimi ningeandika hivi: "Jumbe ulizonitumia usiku na kunishika mwili nilikwambia sivitaki, na nakuambia tena kwa maandishi sivitaki. Mawasiliano yetu yawe ya kazi na tasnifu tu, kwa baruapepe." Umtumie kwa baruapepe na kwa WhatsApp, vyote viwili. Akijibu kwa methali, mwache. Kila methali baada ya hapo anajiandikia mwenyewe.

Usifute kitu. Piga picha za skrini zionyeshe namba yake, tarehe na saa, uzitume kwenye baruapepe yako binafsi, kwa sababu ile ya chuo wanaweza kuifunga siku wakitaka. Na simu yenyewe usiiuze wala usimpe mtoto achezee. Mahakama inapopokea ushahidi wa kielektroniki hutaka cheti kutoka kwa aliyeuchapisha, kinachoeleza ulitoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani, kwa hivyo kifaa kiwepo. Ratiba ya muhula uliopita na ya sasa ziweke pamoja, karatasi mbili tu, zinajieleza zenyewe. Na ununue daftari la kawaida uandike tarehe, saa, mahali, alichosema, na nani alikuwepo. Liweke kwa mamako, si kazini.

Ofisini kwake usikalie tena kile kiti cha kumpa mgongo. Sura zipeleke kwa baruapepe, na ikibidi muonane nenda na mwanafunzi mwenzako, mlango uwe wazi, uketi mgongo ukiwa ukutani. Wallahi inaniudhi kukuandikia hivi, kana kwamba mwenye kujipanga upya ni wewe. Lakini mpaka tumtoe pale, kiti kigeuze.

Maana lengo langu kwanza ni kuitoa kalamu mkononi mwake. Ana kalamu mbili, ya tasnifu na ya ratiba. Ya tasnifu ni rahisi zaidi. Uzamifu kwa kawaida huwa na msimamizi wa pili, na wako hukumtaja kabisa. Mwandikie mkurugenzi wa masomo ya juu kwamba sura yako ya tatu imekaa wiki tisa bila kusomwa, na kwamba unaomba kubadilishiwa msimamizi mkuu. Katika barua hiyo taja wiki tisa basi. Barua ya kushikwa mwili na ya methali ni nyingine, inakwenda ofisi nyingine. Ukizichanganya, watajadili moja na kuifukia ya pili.

Hiyo nyingine, kabla hujaiandika, omba kwa maandishi nakala ya sera ya chuo, kama mtu anayetaka kujisomea. Wakikupa, utajua mlango wa kubisha. Wakikwambia haipo, hilo nalo ni ushahidi. Malalamiko yako yapeleke kwa anayetajwa ndani yake, au kwa msajili, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nimekaa kwenye makaratasi maisha yangu yote, mwanangu: barua isiyo na muhuri haikufika, hata kama nimeipokea kwa mikono yangu miwili na kumshukuru aliyeileta.

Kabla ya hapo zungumza na yule mwanamke mwenzako wa idarani. Usimwambie yako kwanza. Muulize ya chai. Ya chai ikishamwagika, mengine yatafuata, na sitashangaa akikutolea simu yake akuonyeshe methali. Nenda pia FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapahapa Mombasa, wakupe wakili aisome ile mikataba, na uwaulize wawakilishi wa chama cha wahadhiri kama wanaweza kukusimamia hata ukiwa wa muda. Ukiamua kwenda polisi, ulizia dawati la jinsia, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio.

Shoga yako anakutakia mema, lakini hesabu zake zinakupunja. Madai ya kazi yana miaka mitatu tangu jambo lilipotokea, na madhara yanayoendelea yana miezi 12 tu tangu yalipokoma. Ukivumilia miaka miwili kisha ukahama, muda utakuwa umeliwa na uvumilivu. Kwa upande wa pili, hulazimiki kuamua wiki hii kama utakwenda mahakamani. Unachotakiwa wiki hii ni karatasi.

Kaka yako mpe kazi ya kukusindikiza Ijumaa usiku baada ya kipindi, na ya kunyamaza. Mzee huyu akipigwa ngumi moja tu, yeye ndiye atakayekuwa mlalamikaji.

Kwa mamako nitasema polepole, maana ni mwenzangu kwa umri na najua alikotoka. Sitara ni neno kubwa kwetu. Tunamsitiri maiti, tunamsitiri jirani aliyekosa cha kupika. Lakini nimeishi kuona neno hilo likifunikwa juu ya wanaume wenye vyeo mpaka wao wamesitirika vyema na binti zetu wako uchi. Mwambie hukusudii kupanda juu ya gari la matangazo. Unapeleka barua ofisini. Na wakija wazee wa mtaa kutaka suluhu, wapokee kwa heshima, wape kahawa, waambie jambo liko ofisini. Kesi ya makosa ya kingono ikishafunguliwa, kuifuta si juu ya wazee wala si juu yako. Uamuzi huo ni wa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Kamati ya msikiti ninayoijua mimi huchagua mtu wa kusimamia rangi na feni. Haikuwahi kumtolea mtu cheti cha tabia ofisini kwake.

Sitakudanganya. Unaweza kuikosa ile nafasi, na ile uniti ya Ijumaa ikaondoka pia. Ndiyo maana nataka kuanzia sasa upeleke wasifu wako kwingine pwani hii, Kilifi, Voi, kokote wanakotafuta mtu wa hisabati, na watu wa hisabati hawajai tele. Lakini usijiuzulu. Ukijiuzulu wataandika kwamba uliondoka kwa hiari, na nimeichapa sentensi hiyo mara nyingi mno.

Mkutano ujao wa idara, chupa ya chai ikisukumwa kwako, isukume kwa anayefuata uendelee kuandika. Usitoe hotuba.

Ule mstari utume Alhamisi jioni. Ukishautuma, zima simu, umchukue mtoto mpande tuktuk mpaka Lighthouse mkale muhogo wa pilipili na ndimu, mtazame meli zikiingia. Ijumaa niandikie amejibu nini, neno kwa neno, na saa.

Somo